Neno moja kwenye skrini, hatima ya leseni ya mchimbaji

MCHIMBAJI mdogo wa dhahabu wa Nyarugusu mkoani Geita, au wa Mwime wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, anajua duara lililo salama na lile linalokaribia kutitia. Anajua karasha linalosaga vizuri na dalali wa kuaminika. Lakini siku anapotaka kulinda kisheria eneo analolichimba, ujuzi wote huo husimama mbele ya kitufe kimoja kwenye skrini ya kompyuta, na juu ya kitufe hicho kuna neno moja tu.

Neno hilo likiwa "Hifadhi", taarifa zake hubaki kama rasimu. Likiwa "Wasilisha", ombi huingia kwenye foleni na kuandikiwa tarehe na saa. Tofauti hiyo si ndogo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inafuata kanuni ya kumtanguliza aliyetangulia kuomba eneo, hivyo anayedhani amewasilisha kumbe amehifadhi anaweza kulala akiamini eneo ni lake na kuamka akikuta limeombwa na mwingine.

Kwa miaka mingi mjadala wa Kiswahili katika teknolojia umekuwa juu ya swali moja: je, programu ina Kiswahili au haina? Hali ya ukanda wa dhahabu inaonyesha kwamba swali hilo limepitwa na wakati. Kutafsiri ni mwanzo tu. Swali zito zaidi ni nani anayatunza maneno hayo baada ya kutafsiriwa, kwa utaratibu gani, na nani anawajibika neno likimpotosha mwananchi.

Kutoka dirishani hadi kwenye skrini

Ukanda huu una historia ndefu ya madini. Mgodi wa almasi wa Mwadui, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kishapu, ulianza mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa kamili, na Machi 2019 soko la madini likafunguliwa mjini Geita.

Pamoja na mabadiliko hayo, shughuli za Serikali zimekuwa zikihama kutoka dirishani kwenda kwenye skrini. Mwaka 2015 wizara iliyokuwa ikisimamia nishati na madini ilizindua mfumo wa kuomba na kulipia leseni za madini kwa njia ya mtandao. Mwaka 2017 ulianza mfumo wa kielektroniki wa kukusanya mapato ya Serikali, ujulikanao kwa kifupi GePG, ambao humtaka mlipaji awe na namba maalumu kwa kila malipo.

Kabla ya hapo, mwananchi asiyeelewa neno kwenye fomu alimuuliza karani. Karani angeweza kukosea, kuchelewesha au kukasirika, lakini alikuwa mtu, na mtu hueleza. Skrini haielezi. Inasema kilichoandikwa, na kama kilichoandikwa kina utata, utata huo humfuata kila anayeifungua, awe Katoro, Ushirombo au Masumbwe.

Ndiyo maana maneno yanayoonekana kwenye kiolesura, yaani ile sura ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa, hayapaswi kuchukuliwa kama mapambo. Yamechukua nafasi ya karani.

Maneno hukaa wapi?

Ili kuelewa tatizo linapoanzia, ni vema kujua maneno hayo hukaa wapi. Zamani mtaalamu wa programu aliyaandika ndani ya programu yenyewe, yakichanganyika na amri za kompyuta. Kubadili neno moja kulimaanisha kufungua programu nzima.

Utaratibu uliokubalika duniani leo ni kuyatenga. Kila neno au sentensi hupewa ufunguo, na kila lugha huwa na faili lake. Programu inapotaka kuonyesha sentensi, huita ufunguo na kupewa maneno ya lugha aliyoichagua mtumiaji. Zana ya gettext, iliyoenea tangu miaka ya 1990, hufanya kazi hivyo, na simu zinazotumia Android nazo hufuata mtindo huo.

Faida yake ni kwamba mtaalamu wa lugha anaweza kusahihisha neno bila kugusa amri za kompyuta. Hasara yake ni kwamba mfasiri hupokea orodha ndefu ya maneno makavu, pasipo kuona skrini yenyewe. Anaona neno, haoni kitufe wala matokeo ya kukibonyeza.

Kuna mtego mwingine. Ufunguo usipopata neno la Kiswahili, programu nyingi huonyesha Kiingereza bila kumwambia mtu yeyote. Ndiyo maana mwananchi hukutana na ukurasa ulioanza kwa Kiswahili safi, kisha ukamalizia kwa Kiingereza mahali penye onyo au sharti. Mara nyingi sehemu hiyo ndiyo iliyoongezwa karibuni, na ndiyo muhimu kuliko zote.

Neno moja, vitufe viwili

Mfano ulio wazi ni neno "huisha". Katika sekta ya madini, kuhuisha leseni ni kuiongezea muda inapokaribia kwisha. Leseni ya uchimbaji mdogo hudumu miaka saba, kisha mwenye nayo anaweza kuomba ihuishwe.

Lakini katika lugha ya kompyuta, neno hilo hilo hutumika kwa maana ya kusahihisha taarifa, kama vile namba ya simu au anwani. Mfasiri aliyepewa orodha kavu ataandika "Huisha" mahali pote pawili bila kujua kwamba kitufe kimoja kinabadili namba ya simu na kingine kinaanzisha mchakato wenye ada na tarehe ya mwisho. Mchimbaji anaweza kubonyeza cha kwanza, akaona ujumbe kwamba mambo yamekamilika, akaondoka akiamini leseni yake imeongezewa muda.

Neno "futa" nalo lina hatari ya aina hiyo. Wapo wanaolitumia kwa kuahirisha hatua uliyokuwa unaifanya na kurudi nyuma. Wapo wanaolitumia kwa kuondoa kabisa kilichohifadhiwa. Skrini ikiuliza "Je, unataka kufuta?" huku vitufe vyake viwili vikiwa "Futa" na "Sawa", hata msomi atasita.

Kwa upande mwingine, jambo moja hupewa majina mengi. Neno linalofungua akaunti huitwa nywila, nenosiri au neno la siri, na kwenye simu kuna namba ya siri. Skrini inayomtaka mtumiaji aweke nywila, kisha ikamwambia kwamba nenosiri lake si sahihi, inamfanya afikiri ni vitu viwili.

Namba ya malipo ya Serikali ni mfano mwingine. Jina lake la Kiswahili ni namba ya kumbukumbu ya malipo, lakini mitaani watu husema "kontrol namba". Mtu aliyeambiwa kwa mdomo atafute "kontrol namba" anaweza kuitazama karatasi yenye jina la Kiswahili na asijue kwamba anachokitafuta kiko mbele yake.

Si kwamba Kiswahili kimeshindwa. Neno "mrabaha" ni ushahidi wa kinyume chake. Afisa, mwanasheria na mchimbaji wote hulitumia kwa maana moja, na mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipopandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, hakuna aliyehitaji mkalimani kujua kilichopanda. Neno lilishika kwa sababu sheria, ofisi na soko vilikubaliana kulitumia.

Ngeli hazikubali kuungwaungwa

Tatizo la pili linatokana na sarufi. Waandishi wengi wa programu hujifunza kazi yao kwa Kiingereza, lugha ambayo kitenzi kimoja kinaweza kufuata nomino yoyote bila kubadilika. Kwa hiyo huandika sentensi vipandevipande: kipande kimoja jina la kitu, kipande kingine habari yake.

Kwa Kiswahili mbinu hiyo huvunjika papo hapo. Ombi limepokelewa, maombi yamepokelewa, leseni imepokelewa, leseni zimepokelewa, cheti kimepokelewa, vyeti vimepokelewa, mchimbaji amesajiliwa, wachimbaji wamesajiliwa. Programu yenye neno moja tu la "imepokelewa" itasema "ombi imepokelewa" na "cheti imepokelewa", na msomaji ataona mara moja kwamba aliyeandika hakumfikiria.

Kosa la sarufi linaweza kuonekana dogo mbele ya suala la haki. Lakini katika miji ambako ujumbe wa matapeli umezoeleka kwenye simu, Kiswahili kibovu ni moja ya dalili ambazo watu hutumia kumtambua tapeli. Ujumbe halali ukiandikwa kama wa tapeli, mwenye haki ataupuuza, na tapeli atakayeandika vizuri ataaminiwa.

Dawa yake inajulikana. Sentensi iandikwe nzima, si kwa vipande. Kila aina ya kitu iwe na sentensi yake, kwa umoja na kwa wingi. Zana za kisasa zinaruhusu jambo hilo, ila zinamtaka anayejenga mfumo alikumbuke tangu siku ya kwanza.

Alama ndogo ya Nyang'hwale

Mkoa wa Geita unatoa funzo jingine kupitia jina la mojawapo ya wilaya zake. Nyang'hwale ina alama ndogo ya kidokezo katikati, na alama hiyo ina historia ya kuwasumbua waandishi wa programu.

Katika lugha ya Java, kwa mfano, violezo vya sentensi hutumia alama hiyo kuonyesha kwamba kinachoifuata kisiguswe. Jina la wilaya likiwekwa ndani ya kiolezo bila tahadhari, alama hutoweka na namba iliyotakiwa kujazwa baada yake haijazwi. Mwombaji aliyetarajia kuona namba ya ombi lake hupata mabano na sifuri. Tiba ni kuiandika alama mara mbili, lakini anayejaribu mfumo kwa jina la Kahama au Chato hatagundua kosa hilo kamwe.

Kwenye ujumbe mfupi wa simu, hasara hugeuka kuwa fedha. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 iwapo herufi zote zimo katika orodha ya kawaida ya mitambo ya simu. Alama iliyonyooka ya Nyang'hwale imo. Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, haimo. Herufi moja ya namna hiyo ikiingia, uwezo wa ujumbe hushuka hadi herufi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unakuwa watatu, na mtumaji hulipia vyote vitatu.

Menyu za simu, zile zinazoanza na nyota na kuishia na alama ya reli, zina mpaka wake pia. Ukurasa mmoja hauzidi herufi 182. Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, mamilioni ya Watanzania wamezoea kufanya malipo ndani ya nafasi hiyo finyu.

Hapo ndipo ushindani wa lugha unapoonekana kwa tarakimu. Jina la Kiingereza la namba ya malipo ya Serikali lina herufi 14 ukihesabu na nafasi iliyo kati ya maneno. Jina lake la Kiswahili lina herufi 29. Asiyepanga mapema hulazimika kukata, na mara nyingi kinachokatwa ni Kiswahili. Anayepanga mapema hupunguza vipengele kwenye ukurasa au hutafuta neno fupi linaloeleweka.

Watumiaji wengi pia hawasomi menyu kila mara. Hukariri: bonyeza nne, kisha tatu. Anayepanga upya mfuatano wa menyu bila taarifa anawabadilishia watu hao lugha, hata kama hakubadili neno hata moja.

Saa nne ipi?

Kutafsiri maneno na kuacha saa ni kosa jingine la kawaida. Mswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo. Mfumo ukitangaza kwamba mwisho wa kuwasilisha ni "saa 4:00 PM", msomaji wa Kishapu anaweza kuelewa saa nne usiku, wakati mfumo unakusudia saa kumi jioni. Kati ya saa hizo mbili kuna saa sita, na ndani ya saa sita dirisha la maombi linaweza kufunguliwa na kufungwa.

Tarehe nazo zina utata. 7/8 ni tarehe saba Agosti kwa desturi ya hapa, lakini kwa desturi ya Marekani ni Julai nane. Kuandika jina la mwezi kwa herufi humaliza ubishi wote.

Kwenye dhahabu, alama ya mkato ni suala la mali. Tanzania hutumia mkato kutenga maelfu na nukta kutenga desimali. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo iliyorithi desturi ya Kifaransa, mambo ni kinyume. Hivyo 12,500 inaweza kuwa gramu elfu kumi na mbili na mia tano, au gramu kumi na mbili na nusu. Programu iliyowekewa Kiswahili cha nchi isiyo yake inaweza kuandika kiasi kimoja na kusomwa kingine.

Jambo hili linagusa swali la Kiswahili kipi. Kwa miaka mingi mfumo wa Windows umekiorodhesha Kiswahili kama lugha ya Kenya, ingawa lugha hii ni ya taifa pande zote mbili za mpaka. Mkenya aliyesoma shule huita mashine hiyo tarakilishi, Mtanzania huiita kompyuta. Kila upande unaelewa wake, na mfumo makini huacha nafasi kwa yote mawili.

Funzo la mwaka 2004

Tanzania haianzi kutoka sifuri. Desemba 2004, mradi wa Kilinux uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa nyongeza za Kiswahili kwa Windows XP na Office 2003. Mwaka 2009 Facebook ikapata sura ya Kiswahili, na mwaka huo huo Google ikaanza kutafsiri Kiswahili kwa mashine.

Miradi hiyo ilithibitisha kwamba lugha inaweza. Lakini ilionyesha pia ugumu wa kudumu. Jambo OpenOffice ilijengwa juu ya toleo la kwanza la OpenOffice, na Oktoba 2005, chini ya mwaka mmoja baadaye, likatoka toleo la pili lenye maneno mapya. Programu haimsubiri mfasiri. Tafsiri isiyo na mtu wa kuifuata huanza kuzeeka siku inapozinduliwa.

Leo mashine za kutafsiri zimekuwa hodari zaidi, na wapo wanaodhani zimemaliza kazi hiyo. Zimerahisisha, hazijamaliza. Mashine ikipewa neno moja bila mahali lilipo, haina njia ya kujua kama "huisha" ni ya leseni au ya namba ya simu. Tatizo alilokuwa nalo mfasiri wa mwaka 2004 ndilo ililonalo mashine ya leo.

Gharama anayoilipa mwananchi

Wapo wanaosema watumiaji wamezoea Kiingereza cha kompyuta na hawalalamiki. Ni kweli wengi hawalalamiki, lakini hiyo ni kwa sababu wametafuta njia ya kupita pembeni. Katika miji ya ukanda huu, kama ilivyo kwingineko nchini, asiyeelewa skrini huenda kwenye duka la vifaa vya ofisi, maarufu kama stesheneri, na kumlipa kijana amjazie.

Kijana huyo hutoa huduma ya kweli na mara nyingi ni mwaminifu. Hata hivyo, ili amjazie mteja anahitaji kuingia kwenye akaunti yake. Hapo neno la siri hutajwa kwa sauti, huandikwa kwenye daftari, na namba ya simu inayosajiliwa wakati mwingine huwa ya duka. Tangu siku hiyo taarifa kuhusu leseni huenda kwa mtu asiye na leseni.

Hiyo ndiyo bei halisi ya neno lisiloeleweka. Haionekani kwenye bajeti ya mradi wa kompyuta kwa sababu haitoki mfukoni mwa aliyejenga mfumo.

Aidha, kuna suala la Kisukuma. Kwa wazee wengi wa Shinyanga na Geita, Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Kisukuma kina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili, na kikiandikwa kwa alama zake kitakumbana na mpaka ule ule wa herufi 70. Huenda kwa lugha hiyo sauti ikafaa kuliko maandishi. Lakini mfumo uliotenga maneno yake vizuri unaweza kuongezewa lugha yoyote, wakati ule uliochanganya maneno na amri za kompyuta hauwezi hata kusahihisha Kiswahili chake.

Nini kifanyike

Msingi wa kisheria upo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu mwaka 1967. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa mamlaka yake kazi ya kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Kinachohitajika ni kuviunganisha vitu hivyo vitatu mahali maneno ya skrini yanapotungwa.

Hatua ya kwanza ni hazina moja ya istilahi za skrini kwa mifumo yote ya umma. Kuhifadhi, kuwasilisha, kughairi, kufuta na kuhuisha viwe na maana moja kila mahali, na kila neno liambatane na maelezo ya kitakachotokea likibonyezwa. Neno ambalo watu wamekwisha kulizoea lisidharauliwe. Linaweza kuwekwa kando ya lile rasmi hadi yote mawili yajulikane.

Hatua ya pili ni kubadili mfuatano wa kazi. Leseni ya uchimbaji mdogo ni leseni ambayo sheria imewatengea Watanzania. Hakuna sababu ya sentensi zake kutungwa kwanza kwa Kiingereza kisha kutafsiriwa. Zitungwe kwa Kiswahili, na Kiingereza kiwe ndicho tafsiri. Aliyetunga kwa Kiswahili hawezi kusahau ngeli wala saa.

Hatua ya tatu ni kuweka sharti kwamba kipengele kipya hakifunguliwi kwa umma hadi maneno yake yakamilike katika lugha zote mbili. Kompyuta inaweza kuhesabu yenyewe funguo zisizo na Kiswahili na kuzuia mfumo usitoke. Ni kazi ya dakika, si ya miezi, iwapo imepangwa mapema.

Hatua ya nne ni kujaribu mfumo machimboni. Mtu wa Lwamgasa au Mwabomba apewe simu, aombwe kuhuisha leseni, na anayejenga mfumo akae kimya amtazame. Mahali atakaposita ndipo penye neno la kubadilishwa. Majaribio yafanyike kwa jina la Nyang'hwale, kwa maombi kumi na mawili badala ya moja, na kwa saa ya jioni.

Hatua ya tano ni wajibu. Kila badiliko la neno liwe na tarehe na aliyeliidhinisha, kama linavyofanyiwa badiliko la kanuni. Mwombaji akipoteza haki kwa kufuata maelekezo ya skrini, iwezekane kujua skrini ilisema nini siku hiyo. Bila kumbukumbu hiyo, ushahidi pekee utakuwa maneno ya mchimbaji dhidi ya mfumo, na mfumo hausahau isipokuwa kile ambacho hakikuandikwa.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kurekebisha neno kabla mfumo haujafunguliwa ni kazi ya mtu mmoja aliyeketi mezani. Kulirekebisha baada ya maelfu ya watu kulibonyeza ni kazi ya mabaraza, rufaa na mawakili.

Mizani ya dhahabu hukaguliwa na wakala wa vipimo ili gramu ya muuzaji iwe ndiyo gramu ya mnunuzi. Neno kwenye skrini nalo ni mizani, kwa kuwa kwa neno hilo haki hupimwa, fedha hulipwa na ardhi hugawiwa. Hadi litakapokaguliwa kwa umakini huo huo, mchimbaji wa Nyarugusu ataendelea kubonyeza kwa kubahatisha, na kijana wa stesheneri ataendelea kuwa na neno lake la siri.